Hürrem hakukaa matanga

Swali limetoka kwa msomaji wa Wete, nami nalifupisha:

"Mama yangu ana miaka sitini na ushei. Hii ni mara ya tatu anaitazama Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Katiliwa yote kwenye flashi. Kaka zangu wanamtania. Wanasema Hürrem alianza msichana mcheshi akamalizia muuaji, kwamba waandishi waliishiwa wakamgeuza shetani. Mama hawabishii. Husema tu, 'Yule hajalia yule.' Je, msiba unaweza kweli kumgeuza mtu hivyo, au ni mambo ya televisheni? Na nikwambie na hili: mama alipotelewa na mdogo wake wa kike katika meli iliyozama Septemba 2011. Kipande cha kufa kwa Mehmed, mtoto wa Hürrem, hukitazama kikaisha, kisha hukirejesha nyuma. Nimkataze?"

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mama kashakujibu kwa maneno matatu, na mimi niliyesomea mambo haya sina jibu bora kuliko lake. Nitayafungua tu hayo matatu. La kumkataza au kutomkataza nitalifikia mwisho, maana naona ndilo lililokukalisha ukaandika.

Kwanza nikiri: Sultan nimeitazama yote. Nusu kwa kazi yangu ya ushauri nasaha, kwa sababu kila mama aliyekuja kunisimulia ya nyumbani kwake alinitolea mfano wa Hürrem au wa Mahidevran, mke mwenzake, nikaona haya kutowajua. Nusu nyingine umbea mtupu.

Turudi kipande cha kwanza kabisa, ambacho wengi hukisahau wakishazama kwenye fitina. Msichana yumo melini. Watekaji wa Kitatari wamevamia kwao, wazazi wameuawa, yeye kauzwa. Anapiga kelele, anapigana, anatukana kwa lugha ambayo hakuna anayeijali. Akifika Istanbul anaogeshwa, anakaguliwa, anapewa pa kulala miongoni mwa wasichana wengine na anaambiwa anyamaze. Haupiti muda mrefu Sultan Süleyman, mtawala wa dola ya Waosmani wa Uturuki, anampenda na kumpa jina jipya: Hürrem, maana yake mchangamfu, mwenye furaha. Hebu lipime hilo. Mtu ana maiti kifuani ambao hakuwazika, anaitwa Furaha, na furaha hiyo ndiyo inayomlisha. Siku akinuna atarudishwa chini kwa wenzake.

Hapo ndipo mama yako anapopasema. Alipiga mayowe, naam. Mayowe si kilio.

Sisi watu wa visiwani tumeyazoea matanga mpaka hatuoni yanafanya kazi gani. Tunadhani ni majamvi, kahawa na hitima. Siku moja yatazame vizuri. Mfiwa hapiki, hafagii, hatoki. Ametakiwa akae tu. Kila anayeingia anamuuliza yale yale: alianzaje? Alikuwa wapi? Habari ulizipata saa ngapi? Mfiwa anasimulia. Anaingia mwingine, anasimulia tena. Mpaka siku ya tatu keshasimulia mara nyingi sana, na ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba hadithi imebadilika mdomoni mwake. Ya kwanza ilikuwa vipande: simu, kiatu kimoja, mtu anakimbia. Ya mwisho ina kichwa na miguu. Matibabu ya kiwewe yanayotumika leo hospitalini, yale ya kumsimulisha mtu tukio lake tena na tena mahali penye usalama mpaka kumbukumbu ikae mahali pake, hayako mbali na jamvi la bibi yangu. Halafu tanga linaanuliwa. Dini imempa ndugu siku tatu za kuomboleza, na mjane miezi minne na siku kumi. Mlango umefunguliwa, na mlango utafungwa. Hata aliye kizuka anaijua siku yake ya kutoka.

Mtumwa hana hayo, na si kwa kukosa machozi. Hana watu. Nani aje amuulize "alianzaje?" ilhali wote waliomjua marehemu wameuawa au wameuzwa bandari nyingine? Hapo alipo, yeye ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba mama yake aliwahi kuishi. Huo ni mzigo wa namna yake, na nauona nyuma ya kila anachofanya Hürrem mpaka uzeeni.

Wala Zanzibar haihitaji kwenda kulisoma hili kwa Waturuki. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alimuandika mama yake mzazi katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mama huyo, Jilfidan, alikuwa suria, Msharkasi kutoka upande wa Kaukasi. Wavamizi waliingia kwao angali mtoto mdogo, wakawaua wazazi wake, wakawachukua watoto, na njiani wakatenganishwa. Kaka yake na mdogo wake wa kike hakuwasikia tena maisha. Akaletwa kwenye nyumba ya Sayyid bado hajang'oa meno ya utotoni. Ukiisoma habari hiyo kisha ukaenda kutazama magofu ya Mtoni, Hürrem si hadithi ya mbali tena. Jilfidan nitarudi kwake, maana yeye ndiye anayeniharibia hoja yangu, na hoja isiyo na wa kuiharibu siiamini.

Sasa neno kiwewe. Barazani tunalitumia kwa mtu aliyebabaika, "kaingiwa na kiwewe". Katika kazi yetu limebeba zaidi: ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha kwisha. Vitabu vya matibabu huzigawa dalili zake mafungu manne. Tukio hurudi lenyewe, usingizini au mchana kweupe. Mtu hukwepa chochote kinacholikumbusha. Hushika imani mbaya juu yake na juu ya dunia. Na mwili hukaa macho muda wote, kama mlinzi asiyepokelewa zamu. Watu wengi wakisikia kiwewe hufikiria fungu la kwanza tu, mtu kuota ndoto akapiga kelele, na televisheni hulipenda fungu hilo kwa sababu linapigika picha. Katika mhusika wa tamthilia ndefu, mafungu mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa.

Imani ya Hürrem ukiitafuta utaiona mapema sana: hakuna atakayenilinda, na nikipendacho kitachukuliwa. Hakai akaitamka. Anaiishi. Tazama macho yake anapoingia chumbani: kabla ya kusalimu keshajua nani kakaa wapi, nani kakatiza mazungumzo, nani kashika kikombe. Watazamaji wanauita huo werevu, na werevu upo. Lakini nimewaona watu wengi wenye macho hayo hapa kwetu, wanaochagua kiti kinachotazama mlango, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kwa raha.

Hapa pana ugumu ambao kaka zako hawakuuona, na nadhani ndio uzuri wa tamthilia ile. Hofu ya Hürrem ina ushahidi. Kwa Waosmani palikuwa na kanuni iliyotokana na Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul mwaka 1453, kwamba mwana atakayepata ufalme ana ruhusa ya kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Mustafa, mtoto wa Mahidevran, ndiye mkubwa na ndiye kipenzi cha jeshi. Akitawala yeye, watoto wa Hürrem huenda wakanyongwa kwa kamba. Kwa hiyo anapomwinda Mustafa hatuna haki ya kusema "huyu mgonjwa wa nafsi anaota maadui". Maadui wapo, na sheria iko nyuma yao.

Basi kiwewe tukijue kwa lipi? Mimi hutazama kupumzika. Mtu mwenye hofu ya kawaida, hatari ikipita, mabega hushuka. Ibrahim Pasha, adui mkubwa wa Hürrem kwa miaka yote ile, anauawa mwaka 1536 kwa amri ya Sultan mwenyewe. Ungetaraji alale siku tatu. Halali. Nafasi ya Ibrahim inajazwa na mwingine, kisha mwingine, na kama hakuna atamtafuta. Hapo siioni siasa tena, namwona mlinzi asiyepokelewa zamu. Vita vikimtoka atabaki na nini? Atabaki na ile meli.

Liangalie na jambo la Leo, mchumba wake wa kwao. Anatokea kasrini akiwa mchoraji, na Hürrem aliyekuwa akiamini watu wake wote wamekwisha anamwona mmoja kasimama mbele yake, anayelijua jina lake la zamani. Kisha Leo anakufa kwa sumu, karibu naye kabisa, na Hürrem hawezi hata kubadilika uso, kwani chozi moja lingemuua yeye na watoto. Wataalamu wana jina la hili: msiba usio na haki ya kuliliwa. Msilidhani la makasri. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba ya miezi mitatu akaambiwa "Mungu atakupa nyingine, kapike". Mke wa pili aliyeolewa kwa siri ambaye hakuweza kwenda mazikoni. Kijana aliyefiwa na mpenzi ambaye nyumbani hawakumjua. Hao wote nimewapokea ofisini kwangu. Machozi yao hayakukauka, yalihamia pahala pengine: tumboni, kichwani, au kwenye hasira wasiyoijua imetoka wapi.

Kuna msemo ambao wafiwa huniambia mara nyingi bila ya kuambizana: huu wa leo umenifukulia na wa zamani. Ndivyo ilivyo kwa Mehmed. Katika historia alifariki mwaka 1543 akiwa Manisa, akiwa na miaka ishirini na kitu, na tamthilia nayo inamwonesha akiondoka kwa ndui. Huyu ndiye msiba wa kwanza wa Hürrem wenye ruhusa. Ni mwana wa Sultan, dola nzima inalia, mama anaweza kupasuka mbele ya watu. Na ndipo anapasuka kuliko kipimo cha msiba wenyewe, kama kuna kipimo. Waliokuwa wakingojea wakapita mlango huo huo: baba, mama, Leo, na yule msichana wa kabla ya meli.

Süleyman alimjengea mwanawe msikiti. Msanifu wake alikuwa Sinan, kazi ikamalizika mwaka 1548, na Mehmed kazikwa hapo hapo. Msikiti wa Şehzade upo Istanbul mpaka leo. Mwanamume akafanya alichokuwa na uwezo nacho: akauweka msiba nje ya kifua chake, juu ya ardhi, ukawa na kuba na mlango. Hürrem wa kweli naye alikuwa mjenzi. Jiko la kulisha maskini alilolijenga Jerusalem ni la mwaka 1552. Tamthilia haikuupa uzito upande huo wake, ikamwachia fitina tu, na hapo nawaunga mkono kaka zako kidogo. Mwenye kuandika hadithi ya wiki kwa wiki anahitaji mtu anayepanga njama zaidi ya mtu anayepika uji wa mayatima.

Nawapa kaka zako na jingine, kubwa zaidi. Si kila badiliko la Hürrem limetoka kwenye msiba wa Hürrem. Tamthilia ilianza Januari 2011 ikamalizika Juni 2014, vipande 139, na kule kwao kila kipande kina urefu wa filamu. Sisi tunaviona vifupi kwa sababu hukatwa vinapouzwa nje. Jiwekee mahali pa mwandishi anayetakiwa kuleta filamu nzima kila wiki. Meral Okay, aliyeanza kuiandika, alikuwa mjane. Mumewe, mwigizaji Yaman Okay, alifariki mwaka 1993. Mimi nahisi, na hili ni langu binafsi, kwamba ule ukimya wa Hürrem wa mwanzo, anaponyamaza ghafla katikati ya kicheko, umeandikwa na mtu aliyekijua anachokiandika. Meral naye akafariki Aprili 2012 kwa saratani, hadithi haijafika nusu. Kalamu ikashikwa na Yılmaz Şahin. Mwaka uliofuata Meryem Uzerli, aliyekuwa uso wa Hürrem, akaondoka kwa kuchoka mwili na nafsi, akarudi Ujerumani alikozaliwa. Ikabidi hadithi impoteze Hürrem, atekwe, kisha arudi na uso wa Vahide Perçin.

Mama yako alisema nini siku ile uso ulipobadilika? Mimi nilikasirika wiki mbili. Nyumba nzima ilikuwa ikisema "si yeye huyu". Na hapo waandishi, kwa dharura tu, wakaangukia kwenye ukweli. Mtu aliyetekwa mara ya pili maishani mwake hurudi akiwa "si yeye". Kicheko cha Uzerli kilikuwa kimejaa chumba. Perçin hacheki, anatabasamu upande mmoja na anazungumza chini. Waliowahi kumpokea mtu aliyerudi kutoka kifungoni au vitani wanajua: sura ni ile, anayetazama kwa ndani ni mwingine. Sidai kwamba walikusudia. Ila imefaa, na mtazamaji aliyepata msiba huifahamu hata asipoambiwa.

Jambo la urefu nalo lina pande mbili. Filamu ya saa mbili humliza mtu mazikoni ikamfariji pwani, basi. Tamthilia ya miaka inaweza kuonesha kile ambacho wataalamu wawili wa Uholanzi, Stroebe na Schut, walikieleza mwaka 1999: mfiwa hapandi ngazi ya hatua moja baada ya moja, bali huenda na kurudi kama maji ya bamvua. Leo yumo ndani ya msiba, kesho yumo kwenye madeni na ada za skuli, keshokutwa amerudi msibani kwa sababu ya harufu ya uturi. Kwenda na kurudi huko ndiko afya yenyewe. Zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu anazitaja, Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kwa kuzungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa. Wafiwa hawakuwa ndio asili yake.

Lakini urefu huo huo hula watu wake. Tamthilia haiwezi kuanua tanga. Mhusika akipona, wiki ijayo tutazame nini? Kwa hiyo jeraha hufunguliwa kila linapotaka kufunga. Mfano wa hilo ni Meredith Grey wa Grey's Anatomy ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, ambayo vijana wenu wanaijua. Mama yake alijaribu kujiua mbele yake angali mtoto; yeye mwenyewe akazama majini akanusurika; bunduki ikaingia hospitalini; ndege ikaanguka, mdogo wake akafa; mwaka 2015 mumewe Derek akafa. Ukiorodhesha misiba hiyo kwa mtu mmoja inakuwa karibu ya kuchekesha, na mtazamaji huanza kuikimbia kwa mzaha ili isimwingie. Cha kunivutia ni kwamba baada ya Derek waliruka karibu mwaka mzima ndani ya kipande kimoja. Meredith anakimbilia mji mwingine, anajifungua, anarudi. Eda yake sisi hatukuoneshwa. Hürrem ana misiba michache zaidi, na kila mmoja umeachwa ukafanya kazi yake.

Msiba mwingine unaomfungia njia ni wa mtu aliyemtafutia kifo mwenyewe. Mustafa alinyongwa kwa amri ya baba yake Oktoba 1553. Kipande hicho kilipooneshwa Uturuki mwaka 2014, watu walikwenda Bursa kulizuru kaburi la Mustafa, wakasimama kumwombea kama aliyefariki jana. Zaidi ya miaka mia nne na hamsini! Niliposoma habari hiyo sikucheka. Tanga linaweza kuchelewa, lakini watu wakipata sababu watalikaa. Na Hürrem, aliyeshinda, alipata nini? Cihangir, kitinda mimba wake, mwenye kibyongo, aliyempenda Mustafa kuliko ndugu zake wa tumbo moja, akafa mwaka ule ule. Ngome aliyoijenga ili asipoteze tena mtoto ilimwangukia mtoto. Sijui mwandishi gani angeweza kulibuni hilo kama historia isingempa bure.

Sasa Jilfidan. Jeraha lake ni lile lile la Hürrem, pengine baya zaidi kwa kuwa alikuwa mdogo zaidi: wazazi, kutekwa, kuuzwa, kasri, suria wa mtawala. Na binti yake anamkumbuka kwa nini? Kwa kuwauguza wagonjwa. Aliyeugua nyumbani mule, wa daraja lolote, alimkuta kando ya kitanda chake. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Kwa hiyo kaka zako wakikwambia "wangapi wamefiwa wasigeuke wauaji?" waambie wamesema kweli. Wengi mno. Msiba hautoi ukatili kama mbuyu unavyotoa mabuyu.

Kilichowatofautisha, kwa maoni yangu, si moyo mzuri na moyo mbaya. Jilfidan alilelewa pamoja na mabinti wa Sayyid, akala nao, akakua nao. Akapata wa kumuuliza hata kama si siku ile. Tena nyumba ya Mtoni, pamoja na fitina zake zote, haikuwa na kanuni inayomlazimisha mama achague kati ya mwanawe na mtoto wa mwenzake. Jeraha lile la Istanbul lilitiwa mkononi kisu na sheria. Hili halimtakasi Hürrem. Waliokufa kwa njama zake wamekufa. Ila mama yako hakusema "hana makosa". Alisema hajalia. Kaka zako wanasikia utetezi mahali ambapo yeye anatoa habari ya ugonjwa.

Na anaijua habari hiyo kwa sababu yake mwenyewe.

Meli ile iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kuelekea huko kwenu, ikazama karibu na Nungwi kabla ya alfajiri. Wengi hawakupatikana. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza na familia za wanajeshi waliopotea vitani, akaona kwamba aliyepotea bila ya maiti huacha msiba wa aina nyingine, usiokuwa na mlango. Hakuna wa kumwosha, hakuna sanda, hakuna kaburi la kwenda siku ya Idi. Mmeswali swala ya ghaibu, mmesoma hitima, mmefanya kila kilichowezekana, na bado simu ikilia usiku mtu huinuka kwanza kisha ndipo akumbuke. Nimekaa na mama mmoja wa Pemba aliyeniambia kwamba kwa miaka saba hakukifunga kitasa cha mlango wa nyuma. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa anamwachia mtu njia.

Kipande cha Mehmed, sasa. Kina nini? Kina kifo kinachoonekana kwa macho. Mgonjwa yupo, jeneza lipo, kaburi lipo na linajulikana mpaka leo. Mama analia mbele ya watu wala hakuna anayemwambia nyamaza. Mama yako harejeshi nyuma kwa ajili ya Hürrem. Anakwenda mazikoni ambayo hakupewa. Usimkataze.

Lakini usimwache aende peke yake. Kaa naye chini, siku ya kwanza unyamaze tu. Siku ya pili, kipande kikiisha, muulize habari za mama mdogo, na uliza vitu vidogo: siku ile alivaa buibui gani, alibeba nini, alikuwa anarudi kwa shughuli gani, nani alimsindikiza bandarini. Ndiyo yale maswali ya jamvini. Akikataa, basi, umpikie chai, mlango usiusukume. Akisema akalia, usikimbilie "inna lillahi, subiri mama". Subira anayo, miaka yote hii amekuwa nayo. Ngoja amalize.

Na yapo ya kutazama. Akikosa usingizi usiku mfululizo baada ya kukitazama, akawa anashituka kwa kila kishindo, akaacha kula, akawa hawezi kuona bahari seuze kupanda boti, au akaanza kusema ni afadhali angekuwa yeye, hapo imezidi filamu na familia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake uliotumika kuanzia mwaka 2022, limeutambua msiba unaorefuka: uchungu mkali unaopita miezi sita na kupita kiasi cha mila ya watu wenyewe, unaomzuia mtu kuishi. Una matibabu, na mengi ni ya mazungumzo. Aanzie hospitali ya hapo hapo Wete, aombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Usiliache jina la Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, likamtisha. Wengi wanaosaidiwa hawalazwi popote.

Kaka zako usibishane nao. Wape kipande cha Cihangir wakitazame pamoja na mama, kisha uwaulize wanasema nini.

Jambo moja la mwisho nililiona nilipoirudia barua yako. Umemtaja Hürrem kwa jina mara mbili, Mehmed umemtaja kwa jina, na mama yako mdogo umemwandika "mdogo wake" ukapita. Leo usiku, kabla ya kuiwasha televisheni, litamkeni jina lake.